Mama Bildi na Njia ya Maji Kujaa

Mama Bildi aliogopa maji. Si kidogo. Akipanda mtumbwi alikaa katikati kabisa, magoti ameyabana, mkono mmoja umeng'ang'ania ubao, midomo inacheza bila sauti. Kuogelea hakujua, na hakutaka kufundishwa. Wala hapakuwa na kisa. Hakuwahi kuzama. Hakuna ndugu yake aliyechukuliwa na mkondo. Alizaliwa na hofu yake tu, kama mwingine anavyozaliwa na kigugumizi.

Na kazi yake ilikuwa kupima maji.

Watu walimcheka. Nahodha wa boti ya abiria, mtu wa maneno mengi waliyempa jina la Domo, hakuacha kumtania kila akimwona gatini.

"Shemeji, mpishi gani huyu anaogopa moto?"

"Yule asiyechoma nyumba za watu," naye humjibu.

Bildi ni kipande cha risasi kizito, kimefungwa kwenye kamba ndefu yenye vitambaa. Chekundu ni pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, cheupe pima mbili, cheusi pima tatu. Unairusha mbele, inagota chini, unasoma kitambaa, unaita kwa sauti. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Mzee yule alizaa mabinti watupu, macho yakaanza kumtupa mkono, akamchukua binti wa kwanza awe anamsomea vitambaa. Mzee alipofariki, ofisi ya bandari haikutafuta mtu mwingine. Ilimwita yule yule aliyekuwa akiita namba.

Baadaye alikuja kijana mmoja kuomba kazi ya kupigilia vigingi, vile vya kuonyesha vyombo njia. Wakafanya kazi pamoja msimu mmoja, wakaoana. Mke anapima, mume anapigilia. Ikawa hivyo miaka ishirini na saba.

Maji ya pale hayakuwa ya kuchezea. Kutoka gatini hadi bahari kuu hapakuwa na njia moja iliyonyooka. Palikuwa na mikondo kumi, mikubwa na midogo, inagawanyika, inakutana, inagawanyika tena, kama mizizi ya mti uliong'olewa. Kati yake mafungu ya mchanga na matope. Na hayo yote hakuyachimba mtu. Ni maji yenyewe, yanaingia mara mbili kwa siku na kutoka mara mbili, kila safari yanabeba mchanga huku na kuumwaga kule. Ulipopita mwaka jana, leo panaota majani. Ndiyo maana vigingi vilihamishwa kila baada ya bamvua kubwa, siku zile za mwezi maji yanapojaa sana na kupwa sana.

Mama Bildi alikuwa na lake moja aliloachiwa na baba yake, na hakukubali mtu aliguse. Kigingi hakipigiliwi mpaka njia ionekane kwa macho siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa hadi mwisho wake. Tena ionekane yote, mdomo hadi mwisho.

"Yakijaa yamevaa," alimwambia mumewe mwanzoni kabisa. "Mimi nataka kuyaona yamevua."

"Mambo ya aibu hayo, mama."

"Basi wewe funga macho. Nitaangalia mimi."

Akamweleza pia sababu. Maji yakija yana njia yake, na yakirudi yana njia yake, hayapendi kubanana mlangoni. Njia iliyochimbwa na maji yanayokuja huwa na mdomo mpana upande wa bahari, ina kina, inapendeza. Ukiifuata ndani inazidi kuwa nyembamba, mwisho inafia kwenye fungu, kwa sababu maji yakifika pale hutawanyika juu ya matope na kuacha mchanga wote waliokuja nao. Njia iliyochimbwa na maji yanayorudi haipendezi. Ina kona, mdomo wake umebanwa. Lakini haikauki, kwa kuwa maji yote ya ndani hutokea humo. Chombo cha watu kipite humo.

Mumewe alisikia. Alisikia mara mia. Lakini kusikia ni kusikia tu.

Mwaka huo wa ishirini na saba bamvua ilikuja na upepo nyuma yake. Ilipotulia, palikuwa na mdomo mpya kusini ya ule wa zamani. Mpana mno. Domo aliuona akitoka mjini na abiria, akafika gatini anapiga makofi.

"Mzee wa vigingi! Mungu ametufungulia barabara. Zile kona zenu basi tena. Nipigilie vigingi kule, naokoa nusu saa na mafuta juu."

Mama Bildi alikuwa kitandani siku hizo. Homa ilikuwa imemlaza, hali chochote, maji ya kunywa yenyewe anayatapika. Mumewe alingoja siku mbili. Siku ya tatu ofisini wakamuuliza, na Domo akamuuliza tena, mbele ya watu, kama anasubiri ruhusa ya mke. Watu wakacheka. Asubuhi yake akachukua bildi, akapakia vigingi ishirini na tatu, akaenda peke yake.

Alikwenda maji yakijaa, maana ndipo mtumbwi unapokwenda wenyewe. Mdomoni alipata pima nne. Mbele tatu na nusu. Tatu. Alipima na kupigilia, akapima na kupigilia, na mkondo unamsukuma ndani kama mtu anayemwonyesha njia. Vigingi vilipokwisha alikuwa kwenye kona ya mwisho. Mbele yake maji yalikuwa meupe, mapana, yamekwenda kuungana na njia ya zamani. Akasimama akayatazama. Akajiambia, maji yanayoingia kwa nguvu hivi lazima yana pa kutokea. Akarudi nyumbani.

Siku ya kwanza Domo alipita saa nne, maji yamejaa pomoni. Akapita vizuri. Siku ya pili saa tano, vile vile. Akamletea mzee wa vigingi pakiti ya sukari.

Siku ya tatu homa ikashuka. Mama Bildi akaamka, akaoga, akakaa uani na kikombe cha uji. Ilikuwa karibu saa saba. Siku hiyo binti yao, mzaliwa wao wa pekee, alikuwa anakuja na boti kumleta mtoto wake wa kwanza aonwe. Mtoto wa miezi miwili. Mama Bildi hakuwa amemtia machoni bado.

"Mbona hawajafika?" aliuliza.

"Kapiga simu ulipokuwa unaoga. Injini ilisumbua, wamechelewa kutoka. Saa mbili nzima. Lakini sasa wako njiani." Mumewe akatabasamu. "Na watafika upesi. Siku hizi Domo anapita njia mpya."

Kikombe kikasimama njiani.

"Njia gani mpya?"

Akamwambia. Alimwambia kwa fahari kidogo, kama mtu aliyefanya kazi ya wawili. Mama Bildi hakumkatiza. Alipomaliza akauliza polepole:

"Ulipima yakijaa au yakipwa?"

"Yakijaa."

"Ulifika mwisho wake?"

Mumewe akageuka kutazama majini.

"Baba, nakuuliza. Ulifika mwisho?"

"Nilifika kwenye kona. Mbele kulikuwa kweupe. Na boti imepita siku mbili..."

"Imepita maji yamejaa, na leo yalijaa saa sita. Boti itafika mdomoni saa nane."

Mumewe aliona mambo yote kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyefunuliwa shuka. Boti imejaa watu, inaingia kwenye njia pana maji yakiwa yanashuka. Inafika mwisho, inakwama. Maji yanaikimbia, nayo inalala ubavu kwenye matope, mdomo wazi. Hakuna pa kushuka, matope yale humeza mtu hadi kiunoni. Halafu usiku maji yanarudi kwa njia hiyo hiyo, yana nguvu. Yanaikuta boti imelala. Yanaijaza kabla haijainuka.

Akapiga simu ya Domo. Haipatikani. Ya binti. Haipatikani. Kule kwenye mikoko simu huwa kipande cha plastiki tu.

Mama Bildi alikuwa ameshasimama. Uji ulimmwagikia miguuni, hakuusikia. Akaingia ndani akatoka na bildi.

"Unakwenda wapi na homa hiyo?"

"Sukuma mtumbwi," alisema.

Maji yanayotoka yaliwachukua. Kwenye njia ya zamani mkondo ulikuwa umekaza, unazunguka kwenye kona na kutoa sauti kama ya nguo inayochanwa. Mumewe alipiga kasia hadi mabega yakawaka. Mama Bildi alikaa katikati, magoti ameyabana. Kila mtumbwi ulipoyumba alifumba macho, akifumbua anatazama mafungu. Yalikuwa yanatoka majini moja baada ya jingine, migongo myeusi inayong'aa. Alijua maana yake. Kila mgongo ulikuwa saa inayomwambia umechelewa.

Walipofika kona ya tatu wakaiona boti. Ilikuwa upande wa pili, ng'ambo ya fungu kubwa, paa lake la bluu linatembea juu ya mchanga kama halina maji chini yake. Ilikuwa imeshaupita mdomo. Ilikuwa ndani ya njia mpya, inafuata vigingi, kimoja kimoja, kwa utiifu.

Mumewe akasimama akapunga kasia, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Upepo ulirudisha kila kitu usoni mwake.

"Tuzunguke mdomoni tuifuate," alisema.

"Hatuiwahi. Nishushe."

"Nikushushe wapi?"

"Hapa. Kwenye fungu. Nitalikata kwa miguu, nitoke pale njia inapofia."

"Mama, una wazimu? Nitakwenda mimi."

"Wewe hujui pa kukanyaga," alisema. "Ungejua tusingekuwa hapa."

Katika miaka yote ya ndoa yao hilo ndilo neno pekee la lawama alilomwambia kwa jambo lile. Hakulirudia tena. Mumewe akaegesha mtumbwi, naye akashuka, bildi begani.

Fungu lile lilikuwa pana, mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa afya. Katikati mchanga ulikuwa mgumu, una mikunjo midogo kama kaakaa la ng'ombe. Palipo na mikunjo pana kukanyaga. Palipo laini, panapong'aa kama kioo, hapana. Alipita kwenye mikunjo, anakwenda upande upande, mara anarudi nyuma. Mara moja alikosea. Mguu ulizama hadi gotini, matope yakaushika kama mdomo wa mtoto unavyoshika titi. Akalala kifudifudi, akautoa polepole, kandambili ikabaki huko. Akatupa na ya pili.

Ng'ambo akaikuta ile njia. Au mwisho wake. Kwa macho ilikuwa maji tu, mapana, meupe, kama alivyoyaona mumewe. Lakini yalikuwa yanateleza kwa ubavu, yanaikimbia njia ile kwenda kumwagikia ile ya zamani. Akarusha bildi. Haikufika hata kitambaa chekundu. Nusu pima. Na inapungua.

Boti ilikuwa kwenye kigingi cha kumi na tano.

Akatazama maji. Alitaka kukaa chini. Alitaka mtu mwingine awepo. Akatapika uji wote pale pale mchangani, akajipangusa kwa kanga. Halafu akaingia.

Yalimfika magotini, mapajani, kiunoni. Mkondo ulimsukuma ubavuni bila kupumzika, kama umati wa watu wasiomwona. Chini ya nyayo mchanga ulikuwa unahama, kila akisimama unachimbika, anazama kidogo. Alikwenda hadi katikati kabisa, pale ambapo boti ingepita, akageuka kuielekea. Akasimama.

Aliona pua yake, nyeupe, ina kutu. Aliona watu wamekaa juu ya mizigo. Domo akapiga honi, ndefu, ya hasira. Hakupunguza mwendo. Kwake yeye alikuwa mwanamke mmoja amechanganyikiwa anaoga njiani. Honi ikalia tena. Boti ikazidi kukua.

Mama Bildi alipunga mikono. Watu kadhaa wakampungia na wao.

Hapo ndipo alipokumbuka kazi yake. Akaishika kamba, akazungusha mkono, akarusha bildi mbele yake. Ikatua. Akaivuta, akaiinua juu ya kichwa ili kamba ionekane fupi, akaita kama alivyoita miaka yote, kwa ile sauti ya kazini ambayo haikuwa na hofu ndani yake.

"Nusu! Nusu pima! Nusuuu!"

Akarusha tena. Akaita tena. Sauti haikufika, ilimezwa na injini. Lakini mkono ule Domo aliujua. Nchi nzima hapakuwa na mwanamke mwingine anayerusha vile.

Injini ikanguruma kwa gia ya kurudi nyuma. Maji ya kahawia yakachemka chini ya mkia wa boti. Bado ilikuwa inakuja. Ilikuja hata akaona misumari ya ubao wa mbele, na pua ikagota chini, ikainuka kidogo, ikasimama. Hatua ishirini kutoka pale aliposimama.

Watu wakapiga mayowe. Kati ya mayowe yale alisikia moja: "Mama! Jamani huyo ni mama yangu!" Binti yake alikuwa amesimama, kitu kimefungwa kanga kifuani.

"Nyuma!" Domo alibweka. "Wote nyuma! Mizigo acheni! Nyuma!"

Wakakimbilia nyuma, wakakanyagana. Pua ikawa nyepesi. Injini ilivuta, ikatoa moshi mweusi. Haikutoka. Mama Bildi aliona mstari wa maji kwenye ubavu wa boti, ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili tangu igote. Vitatu. Alibana kamba ya bildi kwa mikono miwili na kutazama kile kifurushi cha kanga.

Boti ikajikwanyua. Ilitoa sauti ya kitu kinachong'oka, ikarudi nyuma, kwanza inchi, halafu hatua, halafu ikaachia. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Domo aliirudisha kinyumenyume vigingi vyote ishirini na tatu, mpaka mdomoni, mpaka kilindini.

Mama Bildi alibaki. Maji yalikuwa magotini sasa, lakini miguu yenyewe haikuonekana. Wakati wote aliosimama fungu lilikuwa linammeza, na sasa lilikuwa limemshika juu ya vifundo. Alijaribu kuvuta mmoja, mwingine ukazama zaidi. Akaacha. Mumewe alipotokea, amefuata nyayo zake moja moja hatua kwa hatua, amebeba kasia na ubao wa kukalia, alimkuta ameiinamia bildi, meno yanagongana.

"Usinikaribie," alisema. "Tupa ubao."

Alimchimbua kwa mikono. Ilichukua muda. Miguu ilipotoka alimbeba mgongoni, mke anamwonyesha pa kukanyaga kwa kumgonga bega: kulia, kushoto, hapo simama.

Boti ilifika gatini karibu saa kumi, kwa njia ya zamani yenye kona. Ile haikauki. Domo aliruka kabla haijafungwa, shati limelowa jasho.

"Nani alipigilia vigingi kule?"

Mzee wa vigingi alikuwa amesimama pale, matope hadi shingoni. Watu wakamtazama yeye, wakamtazama mkewe. Mama Bildi alifungua kinywa.

"Mimi," mumewe akawahi. "Nilipigilia bila kufika mwisho. Mke wangu alikuwa mgonjwa."

Domo ndiye aliyeviomba vigingi, na kila mtu alijua. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Shemeji," alisema, "ningekugonga."

"Najua."

"Kweli ningekugonga. Nilidhani..."

"Najua, shemeji. Nenda kafunge boti yako."

Binti akashuka. Hakusalimia, alimwangukia mama yake tu, na mtoto katikati yao. Alimtoa kwenye kanga, mdogo, mwekundu, amelala fofofo, wala hakujua chochote. Akamnyooshea.

"Mpokee mjukuu wako, mama."

Mama Bildi akainua mikono. Ilikuwa inatetemeka vibaya, kama ya mtu aliyeshika injini. Akaitazama. Akaishusha.

"Baki naye kwanza," alisema. "Hii mikono haijarudi. Iko kule bado."

Wakakaa hapo gatini, binti akamlaza mtoto kwenye mapaja ya bibi, mwenyewe amemshikilia kwa pembeni, babu amesimama nyuma hajui pa kuweka miguu yake. Walikaa mpaka jioni, na mikono haikutulia.

Kesho yake maji yalipopwa walikwenda kung'oa vigingi. Alikaa katikati ya mtumbwi, magoti ameyabana, anahesabu kwa sauti. Aliendelea na kazi ile miaka mingine minane, na hofu yake vile vile, haikupungua hata siku moja. Hakufa kwa maji. Alikufa kwa kifua, kitandani, mchana, mkono wake umeshikwa. Lakini siku ile ya kung'oa, walipofika kigingi cha ishirini na tatu, mumewe aliuliza kama warudi, vimekwisha.

"Bado," alisema. "Twende mpaka mwisho. Ukaone."

Wakaenda. Mwishoni palikuwa pakavu. Mchanga mtupu, na mashimo mawili ya miguu, yamejaa maji.